Chumba cha video Kamalondo: Jumapili nne za Indy 500 kwa Mzee wa motokari

Wandugu wa Lushi (Lubumbashi) na wa kwingine, hii nilitaka kuiandika tangu mwisho wa mwezi wa tano lakini kazi ilinishika, leo niko na muda na mega za intaneti ziko, mniwie radhi tu ni ndefu.

Kule Kamalondo, si mbali na stade ya Mazembe, kuna chumba kimoja cha video. Hakina kibao, hakina jina, we ukifika uliza kwa Mzee wa motokari, watoto watakupeleka mpaka mlangoni. Siku zote anaonyesha mpira kama wenzake. Ila mwezi wa tano ukifika, kila Jumapili jioni mpira anauweka pembeni anaonyesha mbio moja tu, Indianapolis 500 ya kule Marekani, zile motokari nyembamba zenye mipira (matairi) minne iko nje wazi, zinazunguka kiwanja kilekile turu (mizunguko) 200 mpaka zimalize kilometa 804. Jumapili tatu za kwanza ni historia, anaanza 1909 anashuka nayo mwaka kwa mwaka, halafu Jumapili ya nne ndiyo mbio yenyewe ya mwaka huo, moja kwa moja. Mwaka wa 2025 nilienda zote nne, na tatu kati yake nilikuwa na baba yangu, mekanisie (fundi wa magari) wa miaka mingi ambaye sasa magoti hayamruhusu tena kulala chini ya gari.

Zamani mi nilikuwa mtu wa Formula 1. Hizi za kuzunguka nilikuwa nasema mbio gani hii, kona zote kushoto tu, mtu anaangalia nini. Aliyenitoa mule ni huyu mzee na fimbo yake. Ana fimbo ndefu, anakaa pembeni ya kitambaa cheupe, sauti ya Kiingereza anaizima anasimulia mwenyewe kwa Kiswahili chetu, na kikifika kitu cha maana anasimamisha video anagonga pale kwa fimbo: angaria hapa. Hapigi kelele kama wale wa mpira. Anaongea kama mtu anayekufundisha kazi.

Jumapili ya kwanza alianza na matofali. Kile kiwanja kilijengwa 1909 na watu wanne, mkubwa wao Carl Fisher, na mwanzo waliweka mawe madogo na lami. Mwezi wa nane wakafanya mbio, barabara ikafumuka, mashimo kila mahali, watu watano wakafa ndani ya siku chache: piloti (dereva), mekanisie, hata watazamaji. Fisher akabomoa akaanza upya, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamepanga matofali ya kuchoma zaidi ya milioni 3 kwa mikono. Watu wote mule chumbani wakapiga mluzi, maana sisi tofali tunalijua, tunaona watu wanakata vichuguu na kuchoma matanuru hapa nje ya mji, unaweza kuhesabu ni jasho la watu wangapi. Leo kiwanja chote ni lami, wamebakiza mstari mmoja tu wa matofali pale pa kuanzia na kumalizia, upana wake haufiki meta moja. Anayeshinda anapiga magoti analibusu tofali.

Halafu mzee akasema kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Mji wetu ulianzishwa 1910. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru hapa 1911. Na Indy 500 ya kwanza ilikuwa tarehe 30 mwezi wa tano, 1911. Yaani hii mbio na hii shaba yetu ni rika moja. Baba alinigeukia akanitazama tu.

Ile ya 1911 ziliingia motokari 40. Kila moja ilikuwa na watu wawili, piloti na mekanisie wake pembeni, kazi ya mekanisie ni kupampu mafuta, kuangalia mipira, na kugeuka nyuma kumwambia piloti nani anakuja. Ray Harroun yeye akaja na Marmon ya njano ya kiti kimoja. Wenzake wakalalamika, huyu peke yake ni hatari hataona nyuma. Akafunga kioo mbele yake. Baadaye mwenyewe alikuja kusema kile kioo kilikuwa kinatetemeka mno juu ya matofali, hakumwona mtu. Lakini alishinda, saa 6 na dakika 42 kwenye usukani, wastani wa kilometa 120 kwa saa. Mzee akatupigia hesabu: saa moja, Lushi mpaka Likasi, na hiyo ni kwa breki za 1911. Mi hapo ndipo nilianza kukaa vizuri kwenye benchi.

Lakini cha 1912 ndicho kilichomshika baba. Ralph DePalma na Mercedes yake aliongoza turu 196 kati ya 200. Mia moja tisini na sita. Ilikuwa zimebaki chache moteri ikaanza kukohoa, akapunguza, akaburuza, mwishowe ikakufa kabisa kabla ya kumaliza. Yeye na mekanisie wake, Rupert Jeffkins, wakashuka wakaanza kusukuma ile gari kwa mikono kuelekea mstari, watu wanapiga makofi, na Joe Dawson aliyekuwa nyuma kwa turu kadhaa akawapita akashinda. Dawson aliongoza turu 2 tu siku nzima! Mzee akasimamisha kwenye ile picha ya watu wawili wanasukuma. Akakaa kimya muda mrefu, hakugonga na fimbo. Baba akasema polepole, "Biele. Ile sauti ya kukohoa ni biele," yaani kile chuma kinachoshika pistoni. Mzee akageuka, "Mukubwa, weye ni mekanisie?" Basi kuanzia pale wale wawili wakawa wanaongea wao kwa wao na sisi tunasikiliza, na ilikuwa tamu hivyo. DePalma alirudi akashinda 1915, mniamini watu walipiga makofi mule ndani kana kwamba ni jana.

Vingine vya ile Jumapili alivipitisha haraka, labda haraka mno: Wafaransa walioshinda kabla ya vita (Jules Goux na Peugeot 1913, René Thomas na Delage 1914), miaka ambayo mbio haikuwepo kwa sababu ya vita kuu mbili, 1917 na 1918, tena 1942 mpaka 1945. Alipenda zaidi habari ya maziwa. Louis Meyer alipata ushindi wake wa tatu 1936, joto kali, akaomba maziwa ya mgando kama mama yake alivyomzoesha nyumbani, akapigwa picha anakunywa, wauza maziwa wakaiona, na leo kila mshindi anakabidhiwa chupa ya maziwa. 1993 Emerson Fittipaldi wa Brazili alikunywa kwanza maji ya machungwa, kwa sababu alikuwa na mashamba ya machungwa kwao, na watazamaji walimzomea. Kwa hiyo kaeni mkijua, Jumapili ya mwisho mzee ananunua maziwa kwa pesa yake mwenyewe. Nitafika huko.

Jumapili ya pili, 1945 mpaka 1969. Hii ndiyo bora kwangu. Kiwanja baada ya vita kilikuwa kichaka, mwenye kiwanja Eddie Rickenbacker anataka kuachana nacho, Wilbur Shaw aliyeshinda mara tatu akazunguka kutafuta mnunuzi mpaka akampata Tony Hulman, dola 750,000, mwisho wa 1945, na mwezi wa tano uliofuata mbio ikafanyika. Bill Vukovich alishinda 1953 na 1954, na 1955 akafa akiwa mbele anaongoza. Mzee hakuonyesha ile ajali. Alionyesha ushindi wa mbili zilizotangulia, akasema mwisho wake kwa mdomo tu, akaendelea. Namshukuru kwa hilo, batoto walikuwepo.

Halafu moteri ikahama. Hapa ndipo chumba kilipamba moto. Karibu miaka yote moteri ilikaa mbele ya piloti, gari nzito, ile Offenhauser ya silinda nne inashinda kila mwaka. Mzee akasema Jim Clark na Lotus ndiye wa kwanza kuja Indianapolis na moteri nyuma. Hapo nampinga, na nilimpinga palepale kwa heshima: Clark alishinda 1965, ushindi wa kwanza wa moteri ya nyuma ni wake kweli, lakini kabla yake, 1961, Jack Brabham wa Australia alikuja na Cooper yenye kimoteri kidogo nyuma akamaliza wa 9. Watu walimwangalia kama anacheza. Miaka minne tu baadaye zile za mbele zilikuwa zimekwisha kazi. Mzee hakukasirika, alisema, "Mutoto, uko na haki, andika hapa," akanipa daftari lake, nikaandika. Ni watu wangapi wenye chumba cha video wangekubali hivyo mbele ya wateja wao?

Mwaka wa 1967 aliusimulia kwa raha zote. Parnelli Jones alikuja na gari ya turbini, moteri ya aina ya helikopta, haina kelele ya kawaida, inapuliza tu, ikawapita wote siku nzima wanaiangalia. Zikabaki turu zisizofika nne, rulema (beringi) ndani ya boate ya gia ikavunjika. Rulema tu! A.J. Foyt akapita akachukua, ushindi wake wa tatu, akaja kupata wa nne 1977, mtu wa kwanza kufikisha nne. Na mzee akasema, mwaka huohuo wa 1967 sisi hapa tulikuwa tunafanya nini? Chumba chote: ENGLEBERT! Ndiyo, Tout Puissant Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, kombe lake la kwanza la Afrika, timu iliyobeba jina la kampuni ya mipira ya motokari. Wazee watatu pale nyuma walisimama. Mi nilizaliwa mbali na hiyo miaka lakini mwili ulinisisimka.

Lawama yangu kubwa naiweka hapa ili mzee akisoma aione. Historia yake haina watu weusi mpaka 1991, alipoingia Willy T. Ribbs, Mwamerika mweusi wa kwanza kufuzu, miaka 80 baada ya ile ya kwanza. Ribbs alimwonyesha vizuri, ile siku ya mwisho ya kufuzu anatoa mikono nje ya gari na mwili nusu anapiga ngumi hewani, watu walipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia. Lakini kwa nini miaka 80? Hakusema. Miaka ya 1920 chama kilichosimamia zile mbio kilikuwa hakiwapi weusi leseni, basi kuanzia 1924 wakafanya mbio yao mjini mulemule Indianapolis, kwenye uwanja wa maonyesho wa jimbo, barabara ya udongo, Gold and Glory Sweepstakes. Aliyetisha pale ni Charlie Wiggins, mekanisie mwenye garaji yake, gari amejiundia mwenyewe, akashinda mara nne. 1936 akapata ajali akapoteza mguu, akaendelea kutengeneza magari na kufundisha vijana. Jamani, huyo si ndiye mtu wa kuonyeshwa Kamalondo? Mwenye garaji, aliyekataliwa mlango mkubwa, akaingilia mlango wa pili? Nilimweleza mzee tukiwa tunatoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema video ya Wiggins hana. Nikamwambia basi picha. Picha moja inatosha, fimbo iko.

Jumapili ya tatu moto (umeme) ilikatika, na ilikatika pabaya. Tulikuwa tumeona vizuri Janet Guthrie 1977, mwanamke wa kwanza kuingia kwenye zile motokari 33 zinazoanza mbio. Tulikuwa tumeona Rick Mears 1981 anaungua wakati wa kujaza mafuta, na hii kwa mtu asiyejua inatisha, kwa sababu metanoli, mafuta waliyotumia, ikiwaka mchana ndimi za moto huzioni, unaona mtu anaruka ruka anajipiga usoni na hujui ana nini, baba yake mzazi ndiye aliyemrukia na kizimamoto. Alipona akashinda tena 1984, 1988 na 1991. Tulikuwa tumeona 1992, Al Unser Jr. na Scott Goodyear, kilometa 804 zote halafu kinachowatenganisha ni sekunde 0.043, mzee aliirudisha mara tano na mara zote tano sikuona nafasi. Ule mgawanyiko wa 1996, mbio za aina hii zilipogawanyika ligi mbili, aliueleza kama kanisa limepasuka, mchungaji huku na waimbaji kule, mbio ikabaki na jina bila nyota wake, mpaka 2008 ndipo wakarudi chini ya paa moja, na kila mtu alielewa bila swali.

Basi 2011. Turu ya mwisho, kona ya mwisho, kijana JR Hildebrand yuko mbele, mwaka wake wa kwanza, mbele yake kuna gari ya polepole anaenda kuipita kwa nje, na PAA, giza. Moto imekwenda. Wacha kelele zile. Grupu (jenereta) ilichukua kama dakika kumi kuwaka maana ilikuwa haina esansi (petroli) ya kutosha, kijana akatumwa na bidoni. Hiyo si sawa, mzee, mtu amelipa, esansi iwekwe kabla. Lakini ilipowaka hakuendelea pale ilipokatikia, alirudisha turu kumi nyuma, ili joto lipande upya. Kisha tukaona: Hildebrand anagonga ukuta, gari inateleza imesagika upande mmoja kuelekea mstari, na Dan Wheldon anampita kabla hajafika. Wheldon alifariki mwaka huohuo mwezi wa kumi, Las Vegas, kwenye mbio nyingine. Mzee alisema hilo akavua kofia.

Jumapili ya nne, tarehe 25, ilikuwa mbio ya 2025 yenyewe. Kule wanaanza mchana, hapa inakuwa saa kumi na mbili na dakika 45 jioni, saa nzuri mtu ametoka kanisani amekula bukari yake amepumzika. Mvua iliwachelewesha kidogo. Kabla ya bendera ya kijani tayari Scott McLaughlin alikuwa amegonga ukuta akipasha mipira joto, baba alishika kichwa. Robert Shwartzman alikuwa wa kwanza kwenye mstari akiwa mgeni kabisa, kitu ambacho hakijatokea tangu 1983. Na mwishoni, zimebaki turu 14, Álex Palou akampita Marcus Ericsson akakaa mbele mpaka mwisho, Mhispania wa kwanza kushinda hii mbio. Mlangoni kila mtu aliandika jina la piloti wake kwenye kikaratasi. Aliyempata Palou ni mama mmoja anayeuza michopo (nyama ya kuchoma) hapo nje, alipewa kikombe kikubwa cha maziwa mbele ya watu wote, akakinywa chote bila kupumua, kingine akamwagiwa kidogo kichwani na mabinti zake, sijawahi kuona furaha ya namna hiyo kwenye chumba cha video.

Kwa wale wanaotaka kujua mambo ya pesa na viti: historia ni franka 1,500 kwa Jumapili moja, ya moja kwa moja ni 3,000. Mabenchi hayana mgongo, ukiwa na mzee mfikishe mapema apate yale matatu ya ukutani. Projekteri imezeeka, sehemu za giza kwenye filamu za zamani unaona kivuli tu, na bafle (spika) ya kushoto inakoroma sauti ikipanda, siku ya nne ilinisumbua kweli kwa sababu ile sauti ya motokari 33 kwa pamoja ndiyo nusu ya mbio. Choo ni safi, kuna maji kwenye ndoo. Michopo ni ya huyohuyo mama wa maziwa, pilipili yake ichukue kidogo kwanza. Mwezi wa tano usiku baridi imeshaanza na mlango unabaki wazi, mvae jaketi.

Linganisha na mimi mwaka juzi, nilipolipia abonemani ya satelaiti ya watu fulani kwa sababu ya hii mbio tu, siku ikafika wakaonyesha kitu kingine, nikapiga simu mpaka nikachoka na pesa haikurudi. Hapa nimelipa franka 7,500 kwa mwezi mzima, na nimejua kwa nini mwaka 1911 walitumia zaidi ya saa 6 na nusu, na 2021 Hélio Castroneves, mtu wa miaka 46, alitumia saa 2 na dakika 37 akipata ushindi wake wa nne, wastani wa karibu kilometa 307 kwa saa. Hiyo ni Lushi mpaka Kolwezi kwa saa moja. Katikati ya hizo namba mbili kuna mekanisie wasiohesabika, na mzee anajua kuwaonyesha hao zaidi ya anavyowaonyesha mapiloti. Ndiyo maana naona mbio hii inafaa kuangaliwa hapa kwetu, mji wa garaji kila kona, kuliko nyumbani peke yako na simu.

Baba juzi alitoka asubuhi bila kusema anakoenda. Alirudi jioni mikono ina grisi. Kumbe alikuwa Kamalondo, wamefungua ile grupu wawili wao, wameikuta kabureta imejaa uchafu.